Kukataa kwa Adabu

Mukonyo alifanya mazoezi ya kukataa wiki nzima. Alikataa akichemsha chai, akakataa akifua, akakataa akichambua maharagwe mlangoni. Kwanza angeinamisha kichwa. Halafu angesema, "Jamani, mimi tena? Hapana, tafuteni mwingine." Wangemsihi. Angekataa mara ya pili, safari hii akitaja goti lake, na goti kweli lilikuwa linamsumbua, kwa hivyo hapo hangekuwa amedanganya mtu. Wangepiga makofi. Ndipo angeshusha pumzi, aangalie mabati ya kanisa, aseme, "Haya basi, kwa vile mmenilazimisha."

Hivyo ndivyo watu walivyochaguliwa katika Chama cha Maji cha Enkare, hapo Kitengela. Kama kwenu mtu akiulizwa anataka cheo anasema ndiyo, hayo ni yenu. Hapa aliyesema ndiyo mara ya kwanza alionekana mroho, na mroho hapewi funguo za mfereji wa watu. Gakuru, mwenyekiti mwenyewe, yule mwenye duka la misumari na saruji, mara ya mwisho alikataa mpaka akina mama wawili wakatokwa na machozi. Alisema mgongo unamuuma, mke amemkataza, mchungaji amemshauri apumzike. Kisha akakikalia kiti miaka sita bila kuinuka.

Na miaka hiyo sita ndiyo iliyomfanya Mukonyo akitake kiti hicho mpaka akakiota. Chama kilikuwa na kisima kimoja na mfereji mmoja wa bomba, na mfereji wenyewe ulikuwa mbele ya duka la Gakuru, ng'ambo ya barabara kuu ya kwenda Namanga. Mukonyo aliishi upande wa chini, pamoja na wapangaji wengi na wenye ploti mpya. Kila siku alivuka na mitungi mitupu, akarudi na mitungi iliyojaa, huku malori ya saruji na matrela ya kwenda Tanzania yakipita kama yanafukuzwa. Mwaka uliopita trela moja lilimkosa kidogo tu. Lilipita na mtungi mmoja na ndara ya mguu wa kushoto. Mukonyo alikaa chini kando ya lami akalia, halafu akakasirika, na hasira ile haikumtoka tena.

Alimwendea Gakuru akiwa na ndara moja mguuni. Akamwomba chama kiweke mfereji wa pili upande wa chini.

"Mama Kavata," Gakuru alimjibu akipima misumari ya mteja, "barabara ni kitu ya kuvuka. Unaangalia kulia, unaangalia kushoto, unavuka. Shida iko wapi?"

Shida ilikuwa kwamba watu wakingoja maji mbele ya duka hununua kiberiti, hununua soda, hununua kitasa ambacho hawakupanga kununua. Hilo Gakuru hakulisema, lakini mtoto wa nasari angeliona.

Sasa mwaka huo, elfu mbili na moja, shirika moja la makanisa likajitolea kuwapa paipu na saruji ya mfereji mpya. Lilikuwa na sharti moja: chama kifanye uchaguzi, afisa wa serikali asimamie, na majina ya viongozi yapigwe muhuri kabla ya mwezi kuisha. La sivyo, paipu zitapewa kikundi kingine kule Kiserian. Na mfereji mpya utakaa wapi? Hilo kamati mpya itaamua. Mukonyo aliposikia hivyo alimwendea jirani yake Nanjala, mke wa karani aliyekuwa akienda kazini Nairobi kila asubuhi, mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika hadi Isinya.

"Wewe utanipendekeza," Mukonyo akamwambia. "Soila ataunga mkono. Mimi nitakataa. Mtaniomba. Nitakataa tena. Mtaniomba tena."

"Na ukikataa mara ya tatu?"

"Sitakataa mara ya tatu, Nanjala. Kwani mimi ni mwendawazimu?"

Soila, mama wa Kimaasai ambaye boma lake lilikuwa hapo kabla hata ploti ya kwanza haijapimwa, naye alikubali. Mukonyo alimsalimia, "Takwenya," mama huyo akaitikia, "Iko," na mazungumzo hayakuchukua muda. Naye alikuwa amechoka kuona ndama wake wakikimbizwa na malori njiani kwenda kunywa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana ndani ya kanisa la mabati, joto lile la kuoka mkate. Watu walijaa mpaka nje. Mukonyo alikuja na mume wake, Mulinge, ili idadi itimie. Mulinge alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha magadi, huko Magadi kwenye jua kali, na tangu arudi alikuwa amefanya mambo mawili tu: kulala mchana na kucheza drafti na Gakuru kwenye baraza ya duka. Aliketi karibu na dirisha, akafunga macho.

Mbele, kwenye meza, hakuwepo yule mzee afisa wa siku zote, ambaye alijua taratibu za watu na alikuwa akinywa soda yake polepole watu wakiendelea kukataa na kusihiana. Yule alikuwa amestaafu. Kajiado walikuwa wametuma mpya, kijana anaitwa Sydney, mwenye tai nyembamba na viatu vilivyong'aa mpaka vilipokutana na vumbi la Kitengela. Alisoma kanuni zote kwa sauti, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuangalia mtu. Hakuna aliyesikiliza. Hapo ndipo maneno yote yalipoharibikia, lakini nani angejua?

"Kiti cha mwenyekiti," Sydney akasema. "Mapendekezo."

Nanjala alikuwa ameshasimama. "Napendekeza Mama Kavata, jina lake Mukonyo."

"Naunga mkono," Soila akasema.

Watu wakanong'ona kwa furaha. Zamu ya Mukonyo ilikuwa imefika. Akainuka taratibu, akainamisha kichwa vile alivyofanya jikoni, akashika leso yake.

"Jamani," akasema, "mimi tena? Hapana, tafuteni mwingine."

"Asante sana mama kwa kusema wazi," Sydney akajibu, akakata jina lake kwa kalamu. "Mwingine?"

Kanisa zima likamgeukia Nanjala. Hata watoto waliokuwa nje walichungulia.

"Afisa," Nanjala akasema, "bado hatujamwomba."

"Kumwomba nini?"

"Kumwomba akubali."

"Lakini amekataa."

"Eeh, amekataa. Sasa ndio tunaanza!"

Sydney alimtazama Nanjala, akamtazama Mukonyo. "Mama, ulikuwa unakitaka hiki kiti au ulikuwa hukitaki?"

Ona mtego huo! Aseme alikuwa anakitaka, mbele ya wachungaji na wakwe na watu wa rika lake wote? Mukonyo aliikunja leso yake kiganjani. Jasho lilimtoka. "Nilikuwa nakataa kwa adabu tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Fomu haina mahali pa adabu, mama. Iko na ndiyo na iko na hapana. Na nilisoma hapa, kanuni ya saba, jina likishaondolewa halirudi kwa kiti hicho siku hiyo. Mwingine?"

Mwenye bucha akaruka juu. "Napendekeza mwenyekiti wetu, Mzee Gakuru!"

Mwingine akaunga mkono. Na Gakuru, mjanja yule, alikuwa ameona yote. Hakutaja mgongo. Hakutaja mke. Aliinuka kama springi ya godoro. "Nimekubali!"

"Yesu wangu," mama mmoja akasema nyuma.

Mukonyo aliketi. Alitamani ardhi ipasuke. Si kwa aibu tu, ingawa aibu ilikuwepo na ilimuunguza masikio. Aliiona ile lami. Aliona mitungi yake na malori na goti lake, mwaka baada ya mwaka, na Gakuru upande wa pili akipima misumari. Machozi yalimjia karibu. Kisha akaangalia mbele, akaona Sydney bado anajaza fomu, hajatia saini, na Gakuru anapangusa suti yake akitabasamu. Machozi yakarudi yalikotoka.

"Bwana afisa," akasema, akasimama, "kabla hujamaliza, naomba kutoa shukrani kwa mwenyekiti wetu. Hiyo inaruhusiwa?"

Sydney akaangalia kanuni zake. Hakuna iliyokataza shukrani.

"Huyu mzee," Mukonyo akaanza, sauti imejaa huruma, "ametutumikia na mgongo mbovu. Si ametuambia kila mkutano? Mgongo huu, watu wangu. Pressure, watu wangu. Mke hapati usingizi, watu wangu."

"Ni kweli," watu wakasema. "Pole, mzee."

"Mara ya mwisho alikataa mpaka tukalia. Mnakumbuka? Lakini leo," na hapo akamgeukia Gakuru na macho ya upendo kabisa, "leo hata hakukataa. Hata kidogo! Ameulizwa mara moja, akaruka. Kwa ajili yetu. Mimi sijawahi kuona mtu anaruka hivyo na mgongo mbovu."

Pakazuka minong'ono, na haikuwa ile ya pole. Wazee wa kanisa walitazamana. Mke wa Gakuru, aliyekuwa safu ya mbele na kofia yake ya Jumapili, akajifunika nusu uso. "Kweli hakukataa," mtu akasema. "Ati hata mara moja." Na kutoka nyuma, sauti ambayo mpaka leo hakuna aliyekiri ni yake: "Kwani kiti kina asali?"

Watu wakacheka. Sasa Gakuru alikuwa na udhaifu mmoja, na Mukonyo aliujua kwa sababu alikuwa ameuangalia miaka sita: hangeweza kuvumilia kuonekana mroho. Pesa angeweza kukosa, lakini si kuchekwa kanisani mbele ya mke wake. Akainuka, amekunja uso, mkono kifuani.

"Mimi si mtu wa tamaa," akasema. "Hiki kiti sikukililia. Kama watu wa Enkare mnaona nimekaa sana, basi mimi leo hii, mbele ya Mungu, niko tayari kukaa kando, mtafute mwingine."

Akanyamaza angoje ile "Haapanaaa!" Na kusema kweli ilikuwa inakuja. Mwenye bucha alikuwa ameshavuta pumzi. Lakini Sydney alikuwa na kalamu.

"Asante mzee," akasema. "Hiyo ni heshima kubwa. Nimeondoa jina."

Nanjala alicheka mpaka akaanguka kwenye bega la Soila. Gakuru alibaki amesimama mkono kifuani, na ilimchukua muda kukumbuka kuketi.

Mukonyo hakucheka kwa muda mrefu, maana shida mpya iliingia mlangoni pale pale. Kiti sasa hakikuwa na mtu. Akapendekezwa Soila. Soila akasema, "Mimi ni mama wa ng'ombe, hapana," akakatwa. Akapendekezwa mwalimu Joram, akasema shule imemlemea, akakatwa, ingawa shule ilikuwa imefungwa. Akapendekezwa mzee wa kanisa, akasema hastahili, akakatwa. Walijua yatakayowapata, na bado mtu aliposimama na watu wote wakimtazama, "hapana" ilimtoka yenyewe kama kikohozi. Kila mmoja aliketi akijishika kichwa.

Sydney akaangalia saa. "Jamani, niko na safari ya Kajiado. Kama hakuna mwenyekiti hakuna kamati, na kama hakuna kamati mimi nitaandika hivyo, na hizo paipu mtajua wenyewe."

Kanisa likawa na baridi ghafla, pamoja na joto lote lile. Watu wakamtazama Mukonyo kana kwamba yeye ndiye aliyezibeba paipu kuzipeleka Kiserian. Na yeye mwenyewe moyoni alijilaumu. Angesema tu ndiyo! Neno moja fupi, jamani, lingemuumiza wapi?

Ndipo Nanjala, bado akipangusa macho, akatupa jicho dirishani. "Napendekeza Mzee Mulinge," akasema.

Watu wakageuka. Mulinge alifungua macho.

Mukonyo alitaka kusema kitu, hakujua ni kitu gani. Lakini Gakuru alimtangulia. Uso wake ulikuwa umechangamka tena. Mulinge! Rafiki yake wa drafti, ambaye hakuwahi kubishana na mtu, ambaye alikunywa chai ya duka lake kila siku na kutikisa kichwa kwa kila alichoambiwa! "Naunga mkono!" Gakuru akapaza sauti. "Naunga mkono mikono miwili!"

"Mulinge," Sydney akaita.

"Ndio," Mulinge akasema.

"Unakubali kiti?"

"Ndio."

Hivyo tu. Hakuinamisha kichwa, hakutaja ugonjwa. Maisha yake yote ya kazi huko Magadi msimamizi alikuwa akisimama mlangoni asubuhi akiita majina, na mtu akiitwa huitika, basi. Adabu za kanisa la mabati hazikumfikia huko kwenye joto. Watu walipiga makofi kwa nguvu kuliko walivyowahi kumpigia mtu, kwa ajili ya paipu hasa, na hakuna aliyemwona mroho hata kidogo.

Baada ya hapo uchaguzi ulikwenda mbio. Sydney alipotaja kiti cha mweka hazina, Nanjala alipiga kelele "Nakubali!" kabla hajapendekezwa na mtu. Mwalimu Joram akakubali ukatibu akiwa bado amekaa. Mukonyo alipendekezwa awe mjumbe wa kamati, na hapo alitabasamu kwa utulivu, akasema, "Hapana, asanteni," na alimaanisha kila herufi. Viti viwili nyumba moja vya nini? Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kinarudi naye nyumbani kwa miguu, kimevaa koti la kahawia.

Usiku huo alimchinjia jogoo. Akapika chapati laini. Alipomnawisha mikono akamwambia, "Sasa baba Kavata, ule mfereji."

"Kamati itaangalia," Mulinge akasema, akachukua paja.

"Kamati ni wewe."

"Mimi ni mwenyekiti. Kamati ni kamati. Leta chumvi."

Mukonyo alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Alileta chumvi. Ng'ambo ya barabara naye Gakuru alianza kushindwa drafti kila siku, mchezo baada ya mchezo, makusudi kabisa, na Mulinge alikubali ushindi wote na chai yote, akatikisa kichwa.

Kamati ilikutana wiki iliyofuata. Kwa namna Nanjala alivyosimulia, mkutano haukuwa mrefu. Mulinge aliuliza wanaochota maji wengi wanakaa upande gani. Mwalimu Joram akasema upande wa chini. Mulinge akasema, "Basi ni chini." Akafunga kwa maombi. Kabla mvua fupi hazijaanza, mfereji mpya ulikuwa umesimama kwenye ua wa Soila, karibu na nyumba ya Mukonyo kiasi kwamba angeweza kusikia maji yakidondoka akiwa kitandani. Siku ya kufunguliwa alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Alilia pia, na hakuficha.

Asubuhi ya kwanza aliamka mapema kabla ya kila mtu, akapanga mitungi yake mbele kabisa. Akina mama wakaanza kufika nyuma yake, wengine kutoka mbali, maana kila aliyekuwa akivuka barabara sasa alikuja hapa. Halafu akaja Mulinge na lile koti, na funguo.

Alifungua kufuli. Akaitazama mitungi iliyo mbele. Akaijua.

"Mama Kavata," akasema mbele ya watu wote, kwa upole, "toa hiyo. Mke wa mwenyekiti atachota wa mwisho."

"Nini?"

"Wa mwisho. Watu watasema mfereji ni wa nyumba yetu."

"Kwani si nimekuja wa kwanza?"

"Ndio. Lakini utachota wa mwisho."

Nanjala, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akipokea pesa za maji, aligeuka ukutani mabega yakitetemeka. Mukonyo alisema maneno ya Kikamba ambayo hayaandikwi. Kisha akavuta mitungi yake hadi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye zizi la Soila. Alingoja mpaka jua likapanda. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa watu wa Isinya nao wakasikia habari, wakaja na mkokoteni wa punda. Nyumbani alijaribu hasira, akajaribu kununa, akajaribu kupika ugali bila mboga. Mulinge alikula ugali bila mboga, akashukuru.

Siku ya nne Mukonyo aliiangalia ile foleni, akaangalia mitungi yake. Halafu akaibeba, akaipa foleni mgongo, akapanda mpaka barabarani. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akangoja malori yaishe, akavuka.

Mbele ya duka la Gakuru hapakuwa na mtu hata mmoja. Maji yalitoka kwa nguvu, mtungi ukajaa kabla hajavuta leso vizuri. Gakuru alikuwa ameketi peke yake barazani, drafti imepangwa, hakuna wa kucheza naye, maana mwenyekiti siku hizi alikuwa na shughuli. Alipomwona Mukonyo alisimama upesi kabisa.

"Mama Kavata! Karibu, karibu sana. Habari ya huko chini?"

"Huko chini ni kuzuri. Kumejaa."

"Nimesikia." Akakohoa. "Sasa mama, mimi nilikuwa nafikiria. Uchaguzi ujao utafika tu. Wewe ni mtu watu wanakusikiliza. Ukisimama ukaniunga mkono mimi, hata kwa neno moja tu, na mimi hii mambo ya mke wa mwenyekiti kuchota mwisho naitoa siku hiyo hiyo. Wacha nikusaidie na hiyo mitungi."

"Goti langu kweli linauma," Mukonyo akasema, akampa yote miwili.

Gakuru aliibeba, mmoja kila mkono, suruali ya suti na viatu vyake vya ngozi. Walifika kando ya lami. Lori la saruji likapita, likamtupia vumbi. Likafuata trela. Baada ya trela basi la Namanga, na baada ya basi malori mawili yakishindana. Alitoa mguu, akaurudisha. Maji yalimwagikia viatu. Sasa mgongo wake ulikuwa unamuuma kweli kweli.

"Kwani haya magari yanatoka wapi yote?" akauliza, akihema. "Mama, mnavukaje hapa?"

"Unaangalia kulia," Mukonyo akasema, "unaangalia kushoto."

Trela lingine likapita, karibu sana, honi ikilia, na Gakuru akaruka nyuma, nusu ya mtungi ikamwagika juu yake. Alisimama hapo amelowa. Mukonyo alimtazama vizuri. Hakuwa na haraka. Asubuhi ilikuwa nzuri, na hakuna mtu aliyekuwa anamngoja popote.

"Sasa hiyo kura," Gakuru akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Utaniunga mkono?"

"Vuka kwanza, mzee," Mukonyo akamwambia. "Tutaongea ng'ambo."